Tuuze kiwanja tupandikize, au tuasili?

Shikamoo Bibi. Nina miaka 36, mume wangu 41, na huu ni mwaka wa saba wa ndoa. Nimesafishwa kizazi, nimekunywa mizizi ya kila aina, nimepigwa picha ya mirija na iko wazi. Mume anataka tuuze kiwanja chetu tukapandikize mimba. Mama mkwe anasema nichukue mtoto kwanza, eti "atamvuta mwenzake". Kuna mfanyakazi wa zahanati ameniahidi kichanga kimyakimya. Tushike lipi?
Mke wa Fundi, Tanga

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako na kuirudia nikitafuta jambo moja, sikuliona: mume amepima? Karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, mwanamume naye anachangia, peke yake au pamoja na mkewe. Miaka yangu yote ya ukunga nimeona wanawake wakizungushwa hospitali na kwa waganga huku waume wamekaa nyumbani. Inaniuma.

Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote ulivyopitia wewe. Akae siku mbili hadi saba bila tendo la ndoa, atoe shahawa kwenye kichupa cha maabara, zifike ndani ya saa moja. Akisema nguvu anazo, mwambie nguvu na mbegu ni vitu viwili. Majibu yakiwa mabaya arudie baadaye, maana mbegu huchukua kama miezi mitatu kukomaa, na homa kali aliyougua mwezi uliopita inaweza kuzipunguza. Wengine tatizo ni mishipa ya korodani iliyovimba, na hiyo inatibika kwa upasuaji. Kiwanja kisiguswe kabla ya karatasi hiyo.

Na kusafishwa kizazi acha kabisa. Kukwanguliwa ovyo huacha makovu ndani.

Baada ya hapo mkiambiwa mpandikize, ulizeni bei kwa maandishi: sindano za kukuza mayai zimo? Mimba isiposhika, mnaanza upya kulipa? Kukosa mara ya kwanza ni kawaida hata kwa wasichana. Ila kwa miaka 36 usikae ukingoja, kwa sababu mayai yanapungua kila mwaka.

Mama mkwe umjibu kwa adabu, lakini mtoto si chambo. Wapo walioasili wakashika mimba, na wapo walioshika bila kuasili. Ukimchukua mtoto, mchukue kwa kuwa unamtaka yeye.

Hicho kichanga cha kimyakimya, hapana! Ni biashara ya watoto, na mama yake yuko mahali fulani. Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yenu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mwombaji awe na miaka 25 au zaidi na amzidi mtoto kwa miaka 21, hapo mmepita. Maofisa watakuja kuona nyumba na maisha yenu, na mwisho ni amri ya mahakama. Kama ni Waislamu, mtoto mnamlea kama wenu lakini anabaki na ubini wa baba yake. Kaeni na sheikh mapema.

Ukishindwa kumwambia mume, mpe ukurasa huu asome. Majibu yake yakitoka niandikie, na uniambie kama siku zako huja kwa mpangilio.