Maswali ya Jikoni: Supu ya maharage ya Meksiko, na yale maji mnayomwaga

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba Wameksiko maharage yao wanayanywa kama supu kabla ya chakula chenyewe, nikadhani imepita. Kumbe! Simu imejaa meseji hadi nikaanza kuiogopa. Haya, leo tunajibu ya maharage tu, wa keki na wa sambusa mnivumilie.

Anti shikamoo. Mi ni dada wa kazi huku Masaki, bosi wangu mama ni Mmeksiko, juzi akasema ana hamu na supu ya maharage ya kwao. Mi nikachukua maharage yangu ya nazi nikaongeza maji nikampelekea, akala akasema asante nzuri sana, ila nilikuwa naona kijiko kinazunguka tu kwenye bakuli. Nikamuomba resipi akasema hana, alikuwa anapika bibi yake. Nataka siku moja nimshtukize. Nifanyeje? (Dada wa Masaki)

Marahaba mwanangu. Kwanza muulize bibi alikuwa mtu wa wapi, maana Meksiko ni kubwa na kila upande una maharage yake. Akisema Veracruz au Oaxaca, hao ni watu wa maharage meusi. Akisema kaskazini, labda Monterrey huko, bibi alikuwa anapika frijoles charros, yanawekwa bekoni na soseji ya chorizo, hiyo ni habari nyingine na inategemea jikoni kwenu mnaingiza nini. Akisema Michoacán umepata bahati, kwasababu supu yao inaitwa sopa tarasca na vitu vyake karibu vyote vipo Dar. Hilo jina wamepewa Wapurépecha, kabila la huko kwenye ziwa Pátzcuaro, Wahispania ndo waliwaita Watarasco. Nakupa hiyo hiyo ya Michoacán, hata kama bibi si wa huko haitakuaibisha.

Chukua nusu kilo ya maharage, yale ya madoadoa mekundu kwenye weupe au ya njano, usihangaike na meusi. Chambua vizuri, loweka usiku, asubuhi yale maji ya kuloweka mwaga, hayo ruksa. Weka maji mapya lita mbili, kitunguu nusu kizima usikikate, punje tatu za saumu na kijiko cha mafuta. Wao kienyeji wanaweka mafuta ya nguruwe, we weka alizeti hakuna atakayekuuliza. Kukiwa na chungu pika kwenye chungu, kwao haya yanaitwa frijoles de olla, yaani maharage ya chungu, ona tulivyo ndugu. Yachemke kwa nguvu kwanza halafu punguza moto yaendelee taratibu saa moja na nusu hivi hadi mbili, ukiona maji yanapungua ongeza ya moto sio ya baridi. Chumvi weka yakianza kulainika.

Sasa nisikilize. Maji ya kupikia HUMWAGI. Sisi wengi tumelelewa kumwaga, unachemsha unamwaga, unaweka mengine, yakiiva unamwaga tena halafu ndo unaunga na nazi, na kwa maharage ya nazi sawa kwasababu utamu unatoka kwenye tui. Hii supu haina tui wala mfupa, utamu wake wote umekaa kwenye yale maji ya rangi ya chokoleti. Ukimwaga umemwaga supu umebaki na makapi.

Maharage yakiendelea, shughulikia nyanya nne kubwa. Usizikate, zibabue kwenye kikaango kikavu au juu ya mkaa kabisa pamoja na nusu ya kitunguu iliyobaki na saumu mbili, hadi maganda yapige weusi na zianze kutoa maji. Pilipili kavu kubwa zisizo kali, mbili au tatu, zitoe mbegu, zipitishe kwenye kikaango sekunde chache tu zinukie (zikiungua ni chungu, mwaga anza upya, nishafanya hilo kosa mara mbili), zizamishe kwenye maji ya moto dakika 15. Vyote kwenye blenda, saga laini, chuja.

Halafu pasha mafuta kwenye sufuria mimina huo mchanganyiko, utaruka ruka kwahiyo simama mbali, kaanga hadi rangi igeuke ya matofali na mafuta yaanze kujitenga, dakika nane au kumi. Hapa ndo watu wana haraka, hawaungi ikaiva, mwisho supu inakuwa na ukali wa nyanya mbichi. Kisha saga maharage na maji yake, yote, mimina humo, acha ichemke taratibu kama robo saa. Isiwe nzito kama uji wa mgonjwa wala nyepesi kama chai, ikishika mgongo wa kijiko inatosha.

Juu yake weka vipande vya parachichi, krimu au mtindi mzito kijiko kimoja, chizi kidogo na vipande vyembamba vya tortilla (chapati nyembamba za mahindi za kwao) vilivyokaangwa vikakauka. Mpelekee saa nane mchana, sio usiku, kwao mlo mkubwa ndo wa mida hiyo na supu ndo inatangulia. Halafu uje uniambie kijiko kilizunguka au kilizama.

Dada, mimi ni mtu mzima wa Temeke, supu naijua. Supu ni ya ng'ombe, ya mbuzi, ya utumbo, ukizidi sana ya pweza. Sasa supu ya maharage ni kitu gani? Huo si mchuzi wa maharage ambao mke wangu akiupika mwembamba huwa tunagombana? (Mzee wa Supu)

Shikamoo baba. Nimecheka hadi jirani kauliza kuna nini. Kwa maana yetu ya Dar, ile ya asubuhi na chapati mbili na ndimu, kweli hii sio supu. Ila baba, jaribu hivi: mama akipika maharage ya chungu asiyasage, yaache mazima, akuwekee bakuli la maharage na maji yake, chumvi, kitunguu kibichi kilichokatwa katwa, giligilani, pilipili mbichi na ndimu. Wameksiko wengi wanayala hivohivo na tortilla pembeni, we weka chapati zako mbili. Ukimaliza bakuli sitaki kusikia habari za mfupa. Na wewe na mama wa nyumbani kwako msigombane, labda alikuwa ametangulia tu.

Anti mbona maharage yangu hayaivi? Niko Mbezi natumia maji ya kisima, nimepika toka saa nne hadi saa tisa gesi ikaisha na bado yanagonga kwenye sahani. Shemeji yangu anasema niweke magadi. (Mama Wawili)

Pole mama, gesi ya kuungua bure inauma kuliko njaa. Sababu ziko tatu na inaonekana wewe unazo mbili. Ya kwanza, maharage ya zamani. Maharage yakikaa miezi mingi stoo kwenye joto na unyevunyevu kama huu wetu wa Dar, yanakakamaa ndani kiasi kwamba hata uyapikeje yanabaki na kiini kigumu. Nunua kwa muuzaji ambaye mzigo wake unatembea, na usijaze debe nyumbani kisa bei imeshuka. Ya pili ni hayo maji ya kisima, mengi yana chokaa nyingi, na hiyo inashikilia ganda la harage lisilainike. Kupikia tumia ya bomba au hata ya mvua uliyoyakinga vizuri. Ya tatu ni nyanya na ndimu, ukiweka mapema ule uchachu unayagomesha, ndo maana kwenye hii supu nyanya inapikwa kwake pembeni inakuja kukutana na maharage yakiwa yameshaiva.

Magadi yanalainisha kweli, shemeji hajadanganya. Ila yanaua vitamini, hasa B1, na yakizidi kidogo tu supu inanuka sabuni. Badala yake weka chumvi kwenye maji ya kulowekea, kijiko kimoja cha chakula kwa lita mbili, usiku kucha, asubuhi suuza. Najua mmeambiwa chumvi inakakamaza maharage, na mimi niliambiwa, sio kweli.

Na kama una presha kuka itumie bila aibu, yaliyolowekwa dakika 20 au 25 yameisha.

Mambo anti! Mi ni mwanachuo nimepanga Sinza, jiko langu ni la umeme la sahani moja. Nimeona trick onlaini unaweka maharage mekundu kwenye chupa ya chai na maji ya moto usiku asubuhi yameiva. Nataka niyatumie kwa supu yako, iko poa? (Geto Sinza)

Poa mwanangu, ila hapo simama kidogo. Maharage ya jamii hii, na mekundu yanaongoza, yana sumu yake ya asili, lektini, na haifi kwa maji ya moto tu, inakufa kwa kuchemka. Maji ya chupa ya chai yanashuka joto taratibu, harage linalainika ukadhani limeiva kumbe sumu ipo, na likipashwa nusu nusu hivo linaweza kuwa baya kuliko likiwa bichi kabisa. Manne au matano yanatosha kukutapisha na kukuharisha ndani ya masaa machache, na chuo mna mitihani.

Chupa yako usiitupe. Loweka masaa kumi, mwaga maji, weka mapya, chemsha kwenye sahani yako kwa nguvu yatokote kabisa dakika 10 kwa uchache, mi nasema 30 ili nilale usingizi, halafu ndo uyahamishie kwenye chupa yakiwa yanatokota na ufunge. Asubuhi yamalizie juu ya jiko. Umeme umeokoa na tumbo limepona.

Nimesoma kwamba Meksiko wanaweka majani ya parachichi kwenye maharage. Nina mparachichi uani, nichume? Na pilipili gani niweke, pilipili mbuzi? (Mpenda Majaribio, Kigamboni)

Usichume. Ni kweli Oaxaca wanaweka, lakini ni majani ya aina ya kienyeji ya kwao, ukiyafikicha yananukia kama ile mbegu ya anisi. Miparachichi yetu mingi ni ya ukoo mwingine, fikicha jani unuse, utasikia harufu ya jani tu, sasa hiyo unaiweka ya nini. Kuna jani lingine wanalitia linaitwa epazote, harufu kali kama dawa, na wanaamini linapunguza tumbo kujaa. Kama huna, acha, giligilani weka mwisho juu ya bakuli basi, isijidai kuwa epazote.

Pilipili mbuzi hapana! Naipenda, ila itaimeza supu nzima. Pilipili ya kwenye tarasca inaitwa ancho, imekauka, pana, nyekundu inayoelekea weusi, na kazi yake ni rangi na utamu kama wa zabibu kavu, ukali kidogo sana. Hapa mjini nenda maduka ya viungo ya Wahindi mitaa ya Kisutu uulize pilipili ya Kashmiri, nzima. Sio yenyewe lakini ni nyekundu na haina fujo. Mimi naongeza na pilipili hoho nyekundu moja niliyoibabua pamoja na nyanya, inaleta ule utamu unaokosekana. Mkali kama wewe aweke kichaa moja pembeni ya sahani.

Tortilla nitengenezeje? Nimejaribu na unga wa sembe inapasuka vipande vipande. (Aliyekata Tamaa)

Itapasuka hata ukipiga dua. Mahindi ya tortilla yanachemshwa kwanza na maji ya chokaa, yanalala humo usiku, yanaoshwa ndo yanasagwa, na hiyo chokaa ndo inafanya donge lishikane. Sembe yetu haijapita huko. Chukua chapati ya jana, ile ya maji au ya kusukuma, kata vipande vyembamba kama tambi nene, kaanga vikauke. Usione umeharibu mila, kaskazini ya Meksiko tortilla za ngano ni chakula cha kila siku.

Anti, familia yangu ya kiume wakila maharage usiku chumba hakikaliki. (Jina kapuni)

Mwaga maji ya kuloweka, pika hadi yalainike kabisa, na wape kidogo kidogo mara nyingi badala ya bakuli la kujaa Jumapili moja. Tumbo linazoea. Na ufungue dirisha.

Nikibakisha supu nifanye nini? Mi na mume wangu tu, nusu kilo ni nyingi. (Bibi Harusi, Tabata)

Hongera mwanangu. Hayo maharage kabla hujayasaga gawa mara mbili. Nusu fanya supu, nusu weka friji na maji yake. Kesho kaanga kitunguu kwenye mafuta hadi kiwe cha kahawia, mimina maharage, ponda na mwiko huku yanakauka hadi yajiachie kwenye kikaango, hayo ndo frijoles refritos, na jina lisikuchanganye, maana yake yamekaangwa sana, sio yamekaangwa mara mbili. Paka kwenye chapati na yai, mume ataondoka kazini kimya. Kwenye friji yanakaa siku tatu, nne. Ila umeme ukikatika toka mchana na ukarudi usiku, mwaga yote hata kama hayana vipovu wala harufu ya uchachu, kwa joto hili maharage hayasubiri mtu.