Pikapu yako ya rimoti ikiteleza, usikimbilie springi

Ukianza mashindano na pikapu ya rimoti ya skeli ya 1/10 inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Traxxas Slash, utakutana na hili mapema: ukivuta triga kwenye kona, mkia unatangulia. Mimi nilidhani nyuma kumelegea, nikafunga springi ngumu na kuweka oili nzito kwenye shokapu. Gari likawa linaruka kama mbuzi. Tairi ikigonga kishimo inanyanyuka, na tairi iliyo hewani haishiki kitu.

Kumbe shokapu ya kushoto ilikuwa na sili iliyochoka, oili imevujia kwenye mkono wa gurudumu (ule unaounganisha gurudumu na gari) na kugandamana na vumbi. Nilikuwa nimeona ule uchafu wiki nzima nikiufuta tu!

Basi kabla ya kununua chochote, chomoa shokapu, inua mkono wa gurudumu, uachie. Udondoke wenyewe. Ukikwama, pini imepinda au mchanga umeingia, na hapo springi haina msaada.

Kujaza shokapu ndiko wengi wanakoharakisha. Mimina oili ya silikoni (mimi huanza na namba 30; namba ikipanda, oili ni nzito zaidi), pandisha na kushusha pistoni taratibu bila kuitoa ndani ya oili, mapovu yapande. Isimamishe, kanywe chai. Ukirudi uso wa oili ukiwa safi, funga kifuniko. Sasa shika zote mbili za nyuma zikiwa bila springi, zibonyeze pamoja kwa viganja. Moja ikisita na nyingine ikiteleza, fungua, rudia.

Kimo cha gari kutoka ardhini pima betri ikiwa ndani. Bonyeza, achia, shafti zinazozungusha magurudumu ya nyuma zilale sambamba na ardhi. Tairi ziegemee ndani kwa juu, nyuzi 1 hadi 2, basi.

Hapo ndipo ujaribu springi laini nyuma. Mkia ukitulia lakini pua ikagoma kukata kona, umepitiliza: rudisha springi ya zamani, au lainisha mbele. Badilisha kitu kimoja tu, zunguka raundi tano, andika. Na kama tairi zenyewe zimekwisha meno, yote haya ni kujisumbua.

Uwanja wa udongo ulioshindiliwa ukanata, shida hugeuka: gari linapinduka kwenye kona. Lishushe kidogo. Jua likiwa kali oili huwa nyepesi, kwa hiyo mchana mimi huweka 35, asubuhi ya baridi narudi kwenye 30.