Shangazi, nimeua septiki kwa kupenda usafi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tumehamia nyumba ambayo maji yake ya choo na jikoni yote yanaenda kwenye septiki, huko tulikotoka yalikuwa yanaenda kwenye bomba kubwa la umma so sikuwahi hata kuwaza yanaishia wapi. Mie napenda choo king'ae. Asubuhi namwaga jiki kama nusu chupa, jioni namwaga dawa ya choo ile kali, na kwenye tangi la kuflashi nimetumbukiza vile vidonge vya bluu. Sasa mwezi wa nne huu maji ya choo yanashuka polepole na nje kwenye mfuniko kunanuka mayai viza. Fundi kaja kaniambia "mama umeua shimo", mume wangu naye kashika hapohapo, anataka nisafishe kwa maji matupu. Maji matupu kweli shangazi, na watoto wale? Dukani kila chupa imeandikwa ni salama. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza usijilaumu, hakuna anayekabidhiwa nyumba na kuelezwa shimo linafanyaje kazi, tunakabidhiwa funguo tu.

Septiki sio ndoo ya kuhifadhia uchafu. Ndani yake kuna vitu hai. Kinyesi na mabaki mazito yanazama chini yanakuwa tope, mafuta na povu yanaelea juu yanafanya kama ukoko, na katikati yanabaki maji ambayo ndiyo yanatoka kwenda sokopiti, yaani shimo la kunywea maji, au kwenye mabomba yenye matundu yaliyofukiwa, huko udongo unayanywa na kuyachuja. Sasa lile tope la chini linaliwa na bakteria wasiohitaji hewa, usiku na mchana. Ukiwadhoofisha tope haliliwi, tangi linajaa mapema, na likishajaa tope linaanza kusafiri pamoja na maji mpaka kwenye udongo na kuuziba. Hapo ndipo pa kuogopa, kwa sababu tangi lililojaa linanyonywa na gari siku moja likaisha, lakini udongo ulioziba mara nyingi unaishia kuchimba upya.

Kwa hiyo fundi ana hoja ila "umeua" ni neno zito. Bakteria hawa wanarudi, maana kila mtu akienda chooni anawapeleka wengine. Kuna jaribio lilifanyika Chuo Kikuu cha Arkansas kule Marekani mwaka 1987, likaonyesha ilihitajika karibu lita 5 za jiki kwa mkupuo kuwamaliza kwenye tangi la lita kama 3,800, na baada ya siku chache walikuwa wamerudi. Maana yake kifuniko kimoja viwili vya jiki kwenye ndoo ya kudekia, au jiki kidogo kwenye nguo nyeupe, havikuharibii kitu, inaishia kupambana na uchafu njiani kabla haijafanya la maana. Nusu chupa kila asubuhi ni habari nyingine mwanangu. Hiyo haiwapi nafasi ya kurudi.

Na kinachonisumbua zaidi kwenye barua yako sio hata jiki, ni vile vidonge. Baadhi vina klorini, kwa hiyo kila mtu akiflashi, mchana, usiku, dawa inashuka, watu watano nyumbani hebu piga hesabu mwenyewe. Halafu klorini hiyohiyo inakausha mipira ya ndani ya tangi la kuflashi mpaka inavuja, na maji yanayovuja nayo yanaenda kujaza septiki bure. Vitoe leo.

Usafishe na nini sasa? Mume wako asikutishe, maji matupu sio jibu. Sabuni ya maji ya kawaida na brashi, ukisugua kweli chini ya ukingo pale ambapo watu hawafiki, inaondoa karibu kila kitu. Ile mistari ya njano na weupe mgumu ni chokaa ya kwenye maji, jiki haiitoi kabisa, inaing'arisha tu ukadhani imetoka, mimina siki ilale usiku kucha asubuhi usugue. Sinki na beseni tumia magadi ya kuokea, yanasugua bila kukwaruza. Mtoto akiharisha au akitapika hapo tumia jiki iliyochanganywa na maji kama lebo inavyoelekeza, pangusa kiti cha choo, kitasa, kitufe cha flashi, sakafu, usiihurumie septiki kuliko mtoto. Ni siku chache zile, sio maisha yote.

Ila kitu kimoja nakusihi, usimwage jiki na siki pamoja, wala jiki na ile dawa kali ya jioni kama ina asidi, wala jiki na kitu chenye amonia. Jiki na asidi zinatoa gesi ya klorini, chooni pakiwa padogo na dirisha limefungwa unaweza kuanguka humohumo. Wewe umekuwa ukimwaga moja asubuhi nyingine jioni, yakibaki masalia kwenye sinki la choo yanakutana. Namshukuru Mungu hujaumia.

Kuhusu chupa zote kuandikwa salama, geuza nyuma usome viungo. Mbele ni pa kuuzia. Ukikuta benzalkonium chloride, au majina marefu yanayoishia na ammonium chloride, ujue ni dawa ya kuua vijidudu ambayo haiishi nguvu haraka kama jiki, inang'ang'ania kwenye tope, hiyo usiifanye ya kila siku. Sabuni za mikono za kuua bakteria nazo hazina ulazima, Marekani mwaka 2016 walipiga marufuku triclosan na viungo vingine 18 kwenye sabuni za kunawia za watu wa kawaida kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Na dawa za kuzibulia mabomba, zile za kostiki soda au asidi, usimwage hata kama choo kinashuka polepole kama sasa hivi. Hasa sasa hivi. Tumia ile pampu ya mpira au waya wa kuzibulia.

Mwite fundi afungue mfuniko apime tope limefika wapi, maana choo kushuka polepole na harufu vinaweza kuwa tangi limejaa, au bomba limeziba, na hakuna sabuni itakayotibu hilo. Watoto wawe mbali, asiwepo wa kuwasha kiberiti, na mtu asiingize kichwa kuchungulia, ile gesi ya mayai viza ikiwa nyingi inaua.

SWALI: Shangazi, jirani kaniambia nitie hamira chooni kila mwezi, na kuna pakiti zinauzwa za kuongeza bakteria. Zinasaidia?

JIBU: Hela yako weka akiba. Kinyesi chenyewe kina bakteria wa kutosha, na hata mamlaka ya mazingira ya Marekani inasema hivyo viongezeo havihitajiki kwa septiki ya nyumbani. Hakuna pakiti inayochukua nafasi ya kunyonya tope, na wao wanashauri kunyonya kila miaka 3 mpaka 5, nyumba yenye watu wengi iwahi.

SWALI: Mimi nafua nguo za wiki nzima siku moja, mashine inazunguka kuanzia asubuhi. Sabuni ya unga ina shida kwa septiki?

JIBU: Shida kubwa ni hiyo siku moja. Maji mengi yakiingia kwa kishindo yanalitibua tope lililotulia na kulisukuma nje kabla halijazama, gawa kufua siku mbili tatu. Sabuni, ya maji ni bora, baadhi ya za unga zina vijazio ambavyo haviyeyuki vizuri vinaganda chini. Na pima, wengi tunatia mara mbili ya inavyotakiwa. Ukishamaliza kufua kagua kichujio cha mashine, zile nyuzi za nguo za kitambaa cha plastiki haziozi, zikifika kwenye udongo zinabaki hukohuko.