Kihisi cha maji yaliyotibuka: weka fomula ya mtandaoni kando

Ukishika kihisi cha bei nafuu cha kupimia ukungu wa maji, kile chenye miguu miwili ya plastiki inayotazamana, hutakawia kukutana na fomula inayonakiliwa kila mahali mtandaoni. Unaingiza volti kwenye mlinganyo wa kipeo cha pili, unapata NTU, yaani kizio cha ukungu wa maji, basi. Ushauri wangu wa kwanza ni kuachana nayo. Mlinganyo huo unachukulia kwamba maji safi hutoa volti 4.2, ilhali vihisi viwili vya toleo moja vinaweza kutofautiana. Chako kikitoa 3.9 ndani ya maji maangavu, fomula itakuambia una NTU 1000 hivi. Hilo ni tope la mto uliofurika, na glasi iko mbele yako inang'aa.

Kihisi chenyewe hupima mwanga tu. Mguu mmoja hurusha miali ya infraredi, wa pili huipokea. Chembe zikiongezeka, mwanga unaofika hupungua na volti hushuka. Vifaa vya maabara hutazama mwanga uliotawanywa kwa pembe ya nyuzi 90, ndiyo maana huona hata ukungu ulio chini ya NTU 1. Hiki chetu hakifiki huko. Kwenye bodi ya kielektroniki inayosoma volti 5 kwa biti 10, yaani kwa hatua 1024, hatua moja ni karibu milivolti 5, na upande wa maji safi hatua hiyo, hata ukiifuata fomula yenyewe, ni sawa na NTU 18 hivi. Shirika la Afya Duniani hushauri maji yawe chini ya NTU 1 kabla ya kutiwa dawa ya kuua vijidudu, kwa hiyo usikitumie kuamua kama maji yananyweka. Kitumie kujua bwawa la samaki limetibuka kiasi gani, au mvua imeanza lini kuingiza tope mferejini. Kazi hizo kinaziweza vizuri.

Waya ni tatu na hazina ujanja: volti 5, ardhi, na ishara. Ukitumia bodi kama ESP32, ambayo pini zake hazivumilii zaidi ya volti 3.3, gawanya ishara kwa rezista mbili, kilo-omu 10 na 20. Zamisha miguu tu. Sehemu ya juu yenye plagi haizuii maji.

Kazi yenyewe iko kwenye sifuri, yaani volti ambazo kihisi chako hutoa ndani ya maji safi kabisa. Tumia maji yaliyotoneshwa, tena yaliyochujwa ukiweza. Chombo kiwe kipana, cheusi ndani, kimefunikwa, kwa sababu jua nalo lina infraredi, na ukuta mweupe ulio karibu hurudisha mwanga. Kisha ngoja. Viputo vya hewa ndio adui mkubwa kuliko tope lenyewe: hung'ang'ania plastiki, na kihisi huviona kama uchafu. Gonga kihisi taratibu, kigeuze kidogo, usikoroge kwa pupa. Soma mara nyingi na uchukue thamani ya katikati badala ya wastani, maana kiputo kimoja kinachopita kinatosha kuuvuta wastani pembeni.

Baada ya sifuri unahitaji maji ambayo ukungu wake unajulikana. Kipimo rejea ni fomazini, kimiminika chenye chembe nyeupe ndogo, na chupa yake ya kawaida huwa na NTU 4000. Mililita 100 zikijazwa maji safi hadi lita moja hutoa 400. Mililita 10 hutoa 40. Inunue ikiwa tayari, usijitengenezee: mojawapo ya viambato vyake, hidrazini salfeti, ni sumu. Vaa glavu hata kwa hiyo ya dukani. Michanganyiko hafifu iandae siku hiyohiyo ya kazi, haitunziki. Mimi hupendelea vituo vinne au vitano, yaani michanganyiko ya NTU tofauti niliyoisomea volti, na katikati yake naunganisha kwa mistari iliyonyooka ndani ya programu. Mchoro wake hauvutii, lakini haukudanganyi kama mkunjo wa mtu mwingine.

Huna fomazini? Udongo wa mfinyanzi au maziwa kwenye maji vitakuonyesha tu kama kihisi kinaitikia. Udongo hutuama ukiwa bado unasoma, na namba utakazopata usiziite NTU. Ziite asilimia, au jina lolote lako.

Kikishaanza kazi majini, utando wa mwani utakijia ndani ya siku chache kama kuna mwanga na joto. Dalili yake ni volti zinazoshuka polepole bila kurudi, hata maji yakitulia. Hapo usiguse namba za programu. Futa miguu kwa kitambaa laini, kirudishe kwenye maji yaleyale ya sifuri, chombo kilekile, kifuniko kilekile, na ulinganishe na volti ulizoandika siku ya kwanza. Zikirudi, tatizo lilikuwa utando. Zisiporudi, ndipo urudie vituo vyote, kuanzia sifuri.