Wiki ya Yoga na Kutafakari Rishikesh: Jibu kwa Dada wa Tanga

Juma lililopita nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa dada mmoja wa Tanga, mwalimu kama mimi, ambaye amekuwa akidunduliza akiba yake kwa muda mrefu na sasa anataka kuitumia likizo yake kwenda India kukaa wiki nzima katika nyumba ya yoga na kutafakari. Ameniuliza kama mwili wake, ambao umeshapita ujana na una presha, utaiweza kazi hiyo. Kama ataweza kukaa siku nzima bila simu na bila mazungumzo. Na kama atakuwa ametoka katika dini yake. Swali la mwisho limenigusa zaidi kuliko yote, kwa kuwa mimi mwenyewe niliulizwa, tena si kwa upole, na watu wa damu yangu. Nimeona nimjibu hapa, maana najua wako wengi wanaotamani safari hii na hawana wa kumuuliza.

Nilikwenda Rishikesh katika mwaka ambao nafasi niliyoitumikia kwa uaminifu ilipewa mtu ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kazi. Sikuelezwa sababu. Niliitwa ofisini, nikashukuriwa kwa mchango wangu, nikapewa barua, na siku ya pili nikatakiwa nimtembeze bosi wangu mpya madarasani kama mgeni. Usingizi ulinipotea, presha ikapanda, daktari akaniongezea dawa na kuniambia kwamba dawa peke yake haitatosha ikiwa sitapata namna ya kuutuliza moyo. Kama nawe unafikiria safari hii, bila shaka una barua ya namna hiyo mahali fulani ndani ya kabati lako.

Rishikesh ni mji ulio katika jimbo la Uttarakhand, pale ambapo mto Ganga unatoka milimani Himalaya na kuanza kuingia bondeni. Maji yake hapo bado ni ya baridi kali na yana rangi ya kijani, si yale ya matope ambayo wengi huyaona katika picha za Varanasi, mji mwingine ulio mbali zaidi kando ya mto huo huo. Ni mji mtakatifu kwa Wahindu, na kwa sababu hiyo nyama na pombe haziuzwi. Swami Sivananda, aliyekuwa daktari huko Malaya kabla ya kuyaacha mambo ya dunia na kuwa mtawa, alikaa hapo na mwaka 1936 akaanzisha jumuiya ya Divine Life Society. Kisha mwaka 1968 wanamuziki wa The Beatles walikwenda kwa Maharishi Mahesh Yogi kujifunza kutafakari, na tangu hapo wageni hawajakoma. Leo kando zote mbili za mto kumejaa nyumba za yoga za kila daraja, kuanzia zile zenye godoro sakafuni hadi zile zenye bwawa la kuogelea. Ukitoka Delhi ni mwendo wa kilomita zipatazo 240 kwa barabara, au unaruka hadi uwanja wa ndege wa Dehradun, ambao uko karibu zaidi. Kwa sisi tunaotoka Kenya, usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na uchanjwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri, kwa sababu India hukidai na asiyekuwa nacho anaweza kuwekwa karantini.

Sitakuchosha na habari za viza na treni. Nianze na ushauri ambao ningependa uubebe hata kama utayasahau mengine yote: fuata ratiba. Nyumba niliyokaa ilikuwa na ratiba iliyobandikwa ukutani kando ya jiko, na kila kitu kilikwenda kwa kengele. Kengele ya kwanza ililia mnamo saa kumi na moja alfajiri, muda ambao kwa Mwislamu si mgeni hata kidogo. Ilifuata chai ya tangawizi isiyo na majani, mazoezi ya pumzi, mikao ya mwili kwa muda wa saa moja na nusu, halafu ndipo tulipokula. Baada ya kula kulikuwa na kazi za mikono, kila mtu na yake, kisha somo, mapumziko, mikao tena, chakula cha jioni kabla ya jua kuzama, na kutafakari. Kuanzia usiku hadi baada ya chakula cha asubuhi hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza, na simu zilikaa ofisini ndani ya vifuko vya kitambaa vyenye majina yetu.

Wajomba zangu huingia itikafu msikitini katika kumi la mwisho la Ramadhani, na tangu utotoni nimewaona wakirudi nyumbani siku ya Idi wakiwa na utulivu usio wa kawaida. Nilipoiona ile ratiba niliielewa mara moja, kwa sababu kazi yake ni ile ile: kumwondolea mtu maamuzi madogo madogo, aamke lini, ale nini, amjibu nani, ili abaki na jambo moja tu. Wapo wenzetu, hasa waliotoka Ulaya, waliotaka kuchagua, leo nitahudhuria somo hili na lile nitaliacha, na niliwaona wakihangaika wiki nzima. Mimi niliamua tangu siku ya kwanza kwamba kengele ikilia nitainuka, niwe nimechoka au sijachoka. Fuata ratiba, dada yangu.

Kuhusu mwili, usiogope. Sisi wanawake wa pwani tumekulia kwenye mkeka na jamvi. Tunakaa chini, tunasujudu, tunakuna nazi tukiwa tumekaa juu ya mbuzi, na magoti yetu yanaujua mchezo huo kuliko ya wale waliozoea viti maisha yao yote. Hata hivyo kukaa bila kusogea kwa nusu saa ni jambo jingine kabisa. Mwalimu wetu alinionyesha kukunja blanketi mara tatu na kuliweka chini ya makalio, si chini ya mapaja, ili nyonga ziinuke juu ya magoti na mgongo usimame wenyewe, na tangu siku hiyo ganzi ya miguu ilipungua sana. Mwenye presha asithubutu kusimama kwa kichwa, hata akishawishiwa, wala asizuie pumzi kwa muda mrefu. Amweleze mwalimu hali yake kabla ya darasa la kwanza, na dawa zake aendelee kuzimeza kama alivyoandikiwa. Mimi sikuacha hata kidonge kimoja, na ninawasikitikia wanaotangaza kwamba yoga imewafanya wasihitaji daktari.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni la pumzi, nalo halihitaji uende India kulijifunza. Unakunja kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia ndani ya kiganja. Unaziba tundu la kulia la pua kwa dole gumba na kuvuta pumzi kwa tundu la kushoto kwa hesabu ya nne. Kisha unaziba la kushoto kwa kidole cha pete, unaliachia la kulia, na kutoa pumzi polepole kwa hesabu ya nane. Unavuta tena kwa lile lile la kulia na kutoa kwa la kushoto. Huo ni mzunguko mmoja. Wenye uzoefu huongeza kuzuia pumzi katikati, lakini mwenye presha aishie hapo. Kinachofanya kazi ni kule kutoa kuwa kurefu kuliko kuvuta, na utajua umefika pale utakapoona mabega yameshuka bila wewe kuyaamuru.

Chakula kilikuwa kizuri: dengu, wali, chapati, mboga na mtindi, tukila kwa mkono tukiwa tumekaa sakafuni kwa safu, kila mtu na sinia lake la chuma lenye vigawanyo, na baada ya kula kila mmoja alilisuuza sinia lake kwenye mabomba ya nje kwa maji yaliyokuwa baridi mno hata vidole vikauma. Hapakuwa na kitunguu wala kitunguu saumu, kwa kuwa mafundisho yao yanasema vinaichochea akili.

Sasa nifike kwenye ukimya, ambao ndio uliokutia hofu. Watu hudhani ukimya huleta amani papo hapo. Siku za mwanzo ulinileta mimi mbele ya ile ofisi. Nilikaa juu ya blanketi langu, nikafumba macho, nikaanza kuhesabu pumzi, na kabla ya kufika tano nilikuwa tayari nimesimama mbele ya meza ile, naisikia sauti ile ile ikinishukuru kwa mchango wangu, na mara hii najibu. Nilijibu kwa ufasaha ambao sikuwa nao siku yenyewe. Nilijibu asubuhi, nikajibu mchana nikikata karoti jikoni, nikajibu usiku nikiwa kitandani. Katika somo la jioni mwalimu alitueleza kuhusu Patanjali, mwanazuoni wa kale wa India, ambaye mafunzo yake yameipanga njia ya yoga katika hatua nane, na mikao ya mwili ni hatua ya tatu tu. Lengo la yote ni kutulia kwa mawimbi ya akili. Nilikata tamaa nikiyasikia hayo, kwa sababu yangu hayakuwa mawimbi, yalikuwa dhoruba.

Nilimwendea mwalimu katika muda ulioruhusiwa kuzungumza na kumweleza. Hakunipa pole. Aliniambia nisiifukuze ile ofisi na nisiijibu. Kila itakapokuja nitambue tu kwamba imekuja, kisha nirudi kwenye hesabu, moja. Nifanye hivyo hata kama ni mara mia katika kikao kimoja. Nilifanya hivyo kwa ukaidi, kwa sababu mimi ni mtu wa kumaliza kazi. Siku iliyofuata hali ilikuwa ile ile. Halafu asubuhi moja, katikati ya kikao, nililia. Sikulia kwa hasira. Nililia kwa uchovu wa miaka ya kutaka kuthibitishwa na watu wasionithamini. Hakuna aliyenigusa wala kuniuliza, na huo ulikuwa wema mkubwa. Baada ya hapo ile sauti iliendelea kuja, lakini ikija niliisikia hadi mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Bado huja, hata leo. Barua ile bado inaniuma na sitajifanya hainiumi, lakini haininyang'anyi tena usingizi.

Kuhusu dini, nitasema wazi. Niliporudi Mombasa, shangazi yangu alisema mbele ya watu kwamba nimekwenda kuabudu masanamu, na kwa muda mrefu kuna nyumba ambazo sikualikwa. Hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza nilifanya nini huko. Nilichofanya ni hiki: kabla ya kulipa niliandika barua na kueleza kwamba mimi ni Mwislamu, kwamba nitaswali swala zangu kwa wakati, na kwamba sitaimba nyimbo za ibada. Nyumba moja ilinijibu kwamba haiwezekani, nami nikawashukuru kwa ukweli wao. Nyingine ilikubali. Wenzangu walipokuwa wakiimba alfajiri, mimi nilikaa barazani na tasbihi yangu, na walipomaliza nikaingia. Jioni watu walipowasha taa za ibada kando ya mto, niliketi ngazi za juu nikatazama kwa heshima, kama ninavyotaraji jirani yangu Mhindu asimame kwa heshima maulidi yakipita.

Wanazuoni wenyewe wamelitazama jambo hili kwa makini kuliko wanaosengenya. Mwezi Novemba 2008, Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga iliyochanganywa na maneno ya ibada, na siku chache baadaye waziri mkuu wa nchi hiyo alifafanua kuwa mazoezi ya mwili bila maneno hayo hayana kizuizi. Saudi Arabia iliitambua yoga kuwa shughuli ya michezo mwaka 2017. Huko India kwenyewe, siku ya kwanza ya kimataifa ya yoga ilipoadhimishwa tarehe 21 Juni 2015, ule mfuatano wa mikao unaoitwa salamu kwa jua haukuwekwa katika programu rasmi, baada ya Waislamu kuulalamikia. Mimi pia niliuacha, nikafanya mikao mingine, na mwalimu hakuona ajabu. Usiende kwa siri, na usiende huku umeacha swali hili bila jibu ukitumaini utalitatua ukifika. Mtu asiyejua amesimama wapi asilipe nauli. Na wewe uliye shangazi, mjomba au jirani, muulize mtoto wa watu kabla ya kumhukumu, kwa maana maneno mliyonitupia mimi yalikuwa mazito kuliko kosa lolote mlilodhani nimelitenda.

Ukirudi, usijaribu kuihamishia ratiba yote nyumbani kwako. Nilibakiza alfajiri peke yake: nikishaswali nabaki pale pale kwenye mswala, nafanya mizunguko ya pumzi, nahesabu, kisha ndipo naiwasha simu. Watoto walizoea baada ya muda, na mume wangu sasa ndiye anayewanyamazisha.

Katika kuchagua nyumba, waandikie na uwaulize majina ya walimu watakaofundisha wiki yako, kama yuko mwalimu wa kike, na kama walimu huomba ruhusa kabla ya kumgusa mwanafunzi ili kumnyoosha mkao. Nyumba inayokasirishwa na swali hilo iache. Uliza ratiba kamili, saa kwa saa. Uliza kama chumba ni cha peke yako, kwa sababu utahitaji mahali pa kuswali. Ukiweza, nenda kati ya Oktoba na Novemba au Februari na mapema Aprili. Mwanzoni mwa Machi mji hujaa wageni wa tamasha la yoga, Mei na Juni kuna joto kali, na Julai hadi Agosti ni mvua, tena barabara hufurika mahujaji wanaokwenda kuchota maji ya Ganga kwa miguu, na safari ya saa chache huweza kuchukua siku nzima.