Hesabu ya nguruwe iko kwa jike anayenyonyesha

Ukitaka kujua kama mradi wako wa nguruwe unalipa, acha kuhesabu vichwa vilivyo bandani. Hesabu watoto ambao kila jike amewaachisha ziwa kwa mwaka. Mimba ni siku 114. Akinyonyesha siku 28 na kupandwa ndani ya siku 7, mzunguko ni siku 149, yaani mizao 2.45 kwa mwaka. Ukisubiri hadi siku ya 56 ndipo uachishe, kama wengi wanavyofanya kwa mazoea, unabaki na 2.06. Kwa watoto 9 kila mzao, majike 10 watakupa tofauti ya watoto kama 35 kwa mwaka. Ila siku 28 ni za mwenye chakula bora cha watoto na banda lenye joto. Asiye navyo aachishe kati ya siku ya 35 na 42.

Vifo vingi hutokea siku 3 za kwanza, kwa baridi na kulaliwa, na mara nyingi moja huleta lingine: mtoto aliyepoa hujibana kwa mama kutafuta joto, mama akijilaza ndiyo mwisho wake. Funga bomba la kinga kuzunguka kuta, sentimita 20 hadi 25 kutoka sakafuni na umbali huohuo kutoka ukutani. Kisha tengeneza kisanduku cha watoto chenye taa na maranda makavu, joto la nyuzi 32 hadi 34. Usipashe banda zima, maana mama anataka 18 hadi 22, na akisikia joto hatakula. Watoto wakirundikana wana baridi. Wakiikimbia taa, iinue. Jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa linaua, watoto na hata mhudumu.

Kila mtoto anywe maziwa ya kwanza ndani ya saa 6. Wakiwa wengi, wafungie wakubwa walioshiba kwenye kisanduku saa moja ili wadogo wanyonye bila kusukumwa. Siku ya 3 piga sindano ya madini chuma, miligramu 200, kwenye msuli wa shingo. Mtoto anahitaji takriban miligramu 7 kwa siku na maziwa yanampa kama 1 tu, kwa hiyo asiyepata sindano hupauka, huhema haraka na kudumaa.

Sasa mama. Hapa ndipo wafugaji wengi hubana matumizi pasipostahili. Jike mwenye mimba anatosheka na kilo 2 hadi 2.5 kwa siku, lakini anayenyonyesha anataka kilo 2 zake mwenyewe na karibu nusu kilo kwa kila mtoto. Mwenye watoto 10 anakula kilo 6 hadi 7. Usimjaze siku ya kuzaa. Mpe kidogo, ongeza nusu kilo au zaidi kila siku hadi afike kiwango chake kwenye siku ya 7 hadi 10. Mlishe alfajiri na jioni, mchana wa jua hatakula. Mchanganyiko wa kilo 100 unaofanya kazi: mahindi yaliyoparazwa 45, pumba 20, mashudu ya alizeti 14, soya iliyokaangwa 12, dagaa 5, chokaa ya mifugo 1.5, unga wa mifupa 1.5, chumvi 0.5 na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) 0.5. Protini inakuja kama asilimia 16. Ukiondoa soya na dagaa ukajazia mashudu, hata kama protini inasomeka ileile, laisini, sehemu ya protini ambayo nguruwe anaihitaji sana, inapungua na maziwa yanapungua nayo. Soya mbichi usilishe, inazuia protini kumeng'enywa. Dagaa watie kwenye ndoo ya maji kabla ya kulipa: utaona mchanga uliouziwa umetulia chini. Mahindi yenye ukungu yaache kabisa.

Maji yanasahaulika kuliko chakula. Anayenyonyesha hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku. Kinga chupa kwenye chuchu ya maji, ile ya bomba anayonywea: isipotoa lita 2 kwa dakika, jike ataacha kula kabla hujagundua sababu.

Kuhara kwa siku 4 za kwanza, majimaji ya njano, mara nyingi ni bakteria na uchafu wa sakafu. Kukianza kati ya siku ya 7 na 14, kizito kama uji, na dawa za bakteria hazisaidii, shuku koksidia (vimelea vya utumbo) na umwite daktari wa mifugo.

Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwanza Kenya mwaka 1921, haina tiba. Huingia kwa dume la kuazima, mnunuzi anayezunguka mabanda na mabaki ya hotelini. Mnunuzi apimiwe nje ya uzio, mabaki yachemshwe nusu saa, nguruwe mgeni akae pekee siku 30.

Siku ya kuachisha, mwondoe mama na uwaache watoto kwenye banda walilolizoea. Msogeze mama karibu na dume na umkague kama yuko kwenye joto, yaani anataka dume, asubuhi na jioni kuanzia siku ya 3. Akisimama wima ukimkandamiza mgongo, apandwe baada ya saa 12, kisha tena saa 12 baadaye. Mkague tena siku ya 21 baada ya kupandwa. Aliyekonda hadi mifupa ya nyonga inaonekana atachelewa joto, na kilo ulizomnyima akinyonyesha utazilipa hapo, kwa siku za kumlisha bila mimba.