Saa 72, siku 14, miezi 3: maswali ya uzazi tunayoulizwa kila wiki

Jumatatu asubuhi swali huwa lile lile, liwe limetoka Arua, Kasese au Busia: kondomu ilipasuka Jumamosi usiku, nifanyeje? Toka nyumbani sasa hivi. Saa zinahesabiwa tangu tendo lilipofanyika, si tangu ulipopata ujasiri wa kuuliza.

Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba ni levonojestreli miligramu 1.5. Pakiti nyingine zina kidonge kimoja, nyingine, kama Postinor-2, zina viwili vya miligramu 0.75. Vikiwa viwili, meza vyote kwa pamoja. Utaratibu wa kungoja saa 12 ni wa zamani, na wengi walikuwa wakisahau cha pili. Kimeze ndani ya saa 72. Hadi siku ya 5 chaweza bado kusaidia, ila nguvu hupungua kila unapochelewa, kwa sababu kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke. Likishatoka, hakina tena cha kuzuia. Hakitoi mimba iliyokwisha kushika, wala hakikulindi kwa tendo la kesho yake. Kwa kweli tendo la kesho lina hatari zaidi, kwani yai lililocheleweshwa linaweza kutoka siku chache baadaye.

Ukitapika kabla ya saa 2 kupita, meza dozi nyingine. Hedhi yaweza kuwahi au kuchelewa kidogo. Ikichelewa zaidi ya siku 7, pima mimba. Ukiwa unameza dawa za TB zenye rifampisini, au ARV zenye efavirenzi, mwambie mhudumu mapema: dawa hizo huifanya homoni iishe haraka mwilini, hivyo dozi huongezwa mara mbili. Wenye ARV za dolutegraviri, ambao ndio wengi siku hizi, hawana shida hiyo. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 kinashinda kidonge chochote, na unaweza kubaki nacho miaka 10. Ila si kila kituo kina mkunga aliyefunzwa kukiweka, kwa hiyo piga simu uulize kabla ya kulipa boda.

Soda, maji ya chumvi, majani ya chai yaliyokolea, Panadol nne kwa mpigo: vyote havizuii mimba. Mbegu huanza kupenya mlango wa kizazi ndani ya dakika chache, hata hujafika bafuni.

Kidonge hicho hakizuii VVU. Kwa hilo kuna PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya tendo la hatari, nayo pia mwisho wake ni saa 72, na ukianza siku hiyo hiyo ni bora zaidi. Unapimwa kwanza, kisha unameza kila siku kwa siku 28. Kinachoharibu ni watu kuacha wiki ya pili, ama kwa kichefuchefu, ama kwa kujiona wazima. Kichefuchefu hupungua ukimeza baada ya chakula cha jioni. Aliyebakwa apewe vyote viwili, na aanzie kituo cha afya; fomu ya polisi itajazwa baadaye, dawa hazingoji.

Siku salama ni zipi? Hapa ndipo hesabu huwachanganya wengi, hata wanaume wanaojiona mabingwa. Yai hutoka siku 14 hivi KABLA ya hedhi inayofuata. Si siku 14 baada ya ile iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 28 hataona tofauti, lakini mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu na siku ya 21. Yai huishi si zaidi ya siku moja, ila mbegu zaweza kuishi hadi siku 5 zikilisubiri. Kwa hiyo siku zake za hatari ni kama ya 16 hadi ya 22, wakati mume ameshatangaza kwamba hatari ilipita wiki iliyopita. Siku ya 1 ni siku damu inapoanza, si inapokauka. Kama mizunguko yako yote iko kati ya siku 26 na 32, jizuie au tumia kondomu kuanzia siku ya 8 hadi ya 19. Ikiwa inarukaruka, au unanyonyesha, au ni msichana aliyevunja ungo juzi tu, usitegemee kalenda.

Sindano ya kuzuia mimba ya kujichoma mwenyewe ndiyo inayoulizwa sana vijijini sasa, maana inaokoa safari ya kituoni. Ni Sayana Press, miligramu 104 ndani ya mililita 0.65, na hukaa miezi 3. Ya kwanza choma mbele ya mkunga au VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) aliyefunzwa. Nawa mikono, angalia tarehe ya kuisha, tikisa kwa nguvu sekunde 30 hivi ili dawa ichanganyike. Kisha elekeza sindano juu na usukume kifuniko kuelekea kipulizo (kile kifuko laini chenye dawa) mpaka nafasi iliyo katikati ifungike kabisa. Hatua hii ndiyo inayokosewa kuliko zote: nafasi isipofungika, unaminya na dawa haitoki. Vuta kifuniko. Finya ngozi ya tumbo, mbali na kitovu, au ya mbele ya paja. Ingiza sindano yote ikielekea chini kwa mshazari, minya kipulizo polepole kwa sekunde 5 hadi 7, chomoa ndipo uachie ngozi. Usipasugue. Iliyotumika haitupwi chooni wala jalalani. Weka kwenye kopo lenye kifuniko, umrudishie VHT.

Ukianza ndani ya siku 7 za mwanzo wa hedhi, kinga huanza papo hapo. Siku nyingine yoyote, hakikisha huna mimba, halafu tumia kondomu kwa siku 7. Tarehe ikikupita, una hadi wiki 4 za kuchelewa. Zaidi ya hapo unaanza upya. Usifanye wiki hizo 4 kuwa mazoea.

Na hedhi ikikoma, damu inakwenda wapi? Haiendi popote, kwa sababu haikujengeka. Dawa hufanya utando wa ndani ya kizazi ubaki mwembamba, hivyo hakuna cha kumwagika. Haigandi tumboni na haisababishi uvimbe. Miezi ya kwanza matone yasiyotabirika ni ya kawaida. Damu nyingi kuliko hedhi yako ya zamani, au inayozidi siku 8, ipeleke kituoni.

Sindano haiharibu kizazi, ila uzazi huchelewa kurudi. Kwa wastani mimba hushika miezi 9 hadi 10 baada ya sindano ya mwisho, wengine hata zaidi ya mwaka. Kwa hiyo ukipanga kupata mtoto mwakani, usichome ijayo. Hamia vidonge vya kila siku au kondomu, kwani hivyo ukiviacha uzazi hurudi bila kuchelewa hivyo.